Vikaratasi vya Ijumaa

Kijiji kizima kiliandika kwa mwandiko wangu. Sisemi hivyo kwa majivuno, maana mwandiko wenyewe haukuwa wa kujivunia: herufi zililalia kushoto kama migomba iliyopigwa na upepo, na mkia wa g niliuvuta mpaka ukagusa mstari wa chini. Lakini mwaka 1974 mimi, Winifrida, ndiye niliyekuwa mwalimu pekee wa kisomo katika kijiji chetu, kando ya barabara ya Titye, na watu hamsini na wawili walijifunza kuandika kwa kuiga nilichochora ubaoni. Waliiga kila kitu pamoja na makosa. Ungechukua karatasi ya mzee wa miaka sitini na ya binti wa miaka kumi na minane ukaziweka pamoja, ungeapa zimeandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo Kezia asingeandika alichoandika, na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia juu yake. Ameshatangulia, Mungu amrehemu. Picha yake hakuna, maana hakupigwa picha hata siku moja. Basi nitamwelezea kama ninavyomkumbuka, na wanaomkumbuka vingine waandike wao, kuandika si niliwafundisha?

Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, mrefu, mwembamba, msukaji wa vikapu vya mfuniko vile vya kuwekea unga na maharage. Alikuwa mjane. Mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge kama vijana wengi wa Buha wa wakati ule, akarudi na kifua kibovu, akafa kabla hata ya kumaliza kueleza aliyoyaona. Alimwachia watoto wawili. Mkubwa, Esteri, aliolewa na Leonidasi, kijana mpole wa kilima cha pili. Mdogo alikuwa wa kiume. Huyo alikufa kwa surua mwaka 1961 akiwa na miaka sita, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, kama tulivyokuwa tukizika sote.

Kezia alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Ukimuuliza swali hajibu mpaka alizungushe mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, nilikuwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa na niko hivyo mpaka leo nikiwa na magoti mabovu. Nauliza, "Kezia, herufi hii ni nini?" Yeye anaitazama, anatazama nje, anaitazama tena. Darasa zima limeshajibu kimoyomoyo mara tatu. Kisha anasema, na yuko sahihi, na mimi nabaki na hasira yangu bila pa kuiweka.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, nyumba katikati ya migomba, jirani unamsikia akikohoa lakini humwoni. Kisha mwaka 1973, wakati wa kiangazi, tuliambiwa tushuke wote tukakae pamoja kando ya barabara. Tulishuka. Nyumba za juu zilibomolewa mapaa ili mtu asishawishike kurudi, na tukapangwa kwa mistari, huku nyumba na kule nyumba, mlango ukitazama mlango. Mwenyekiti wetu, Felisiani, ndiye aliyesimamia kazi hiyo, na paa la kwanza kubomolewa lilikuwa lake mwenyewe. Sitaki kuwa mwongo: maji ya bomba yalikuja, zahanati ikajengwa, watoto wakasoma. Lakini watu walikuwa wapweke. Ajabu ya mambo, tulikuwa tumesongamana kuliko wakati wowote wa maisha yetu, na sikuwahi kuona watu wapweke kiasi kile. Kurudi kwenye mahame kulikatazwa. Ukikamatwa huko, unachimba barabara ya kijiji wiki nzima.

Kisomo kilifanyika alasiri katika banda la ghala, na siku ya kwanza tu kikaniletea balaa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Sasa Leonidasi alifika, akainama kuingia, akamwona mama mkwe wake Kezia amekaa mstari wa mbele na ubao wa mkononi mapajani, akatoka kinyumenyume mpaka akajigonga kwenye nguzo. Hakuwa peke yake. Nilihesabu wakwe kumi na wanne wa aina hiyo. Serikali ilikuwa imesema kila mtu ajue kusoma ifikapo mwaka 1975, lakini haikusema wakwe tuwafanyeje. Nikatundika mikeka katikati ya banda, wanawake wenye wakwe wao wakakaa upande huu, waume wa binti zao upande ule, na mimi nikasimama mbele nikiwaona wote.

Mkeka ulizuia macho, haukuzuia masikio. Wiki ya tatu nilimwita Kezia ubaoni. Aliandika vibaya, na mimi kwa ujana wangu nikamsahihisha kwa sauti, nikamwambia arudie, akakosea tena, nikacheka. Leonidasi yupo nyuma ya mkeka anasikia kila neno. Kezia aliweka chaki chini taratibu, akatoka, na hakuonekana kwa wiki mbili.

Nilimfuata kwake. Nilikwenda na hasira, maana idadi ya wanakisomo ilikuwa ikipelekwa Kasulu kila mwezi na mimi nilikuwa nimeshaandika hamsini na wawili. Nilimkuta anasuka. Nikasema yangu yote, kwamba kukosea si aibu, kwamba mwanafunzi ni mwanafunzi, kwamba nchi inamsubiri. Aliniacha nimalize. Akasuka mizunguko miwili mizima ya kikapu. Kisha akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha:

"Mwana wanje, kosa langu lisome. Usiseme tu ni la nani."

Basi wazo lilikuwa lake, si langu, ingawa Kasulu walipokuja kunipongeza sikulikana. Nilikwenda dukani kwa Bwana Hilali, ambaye Kiswahili chake cha pwani kilitufanya sote tujione tunabomoa lugha, nikamwomba kopo tupu la mafuta ya kula na karatasi za kaki zilizofungia sukari. Nikazikata vipande. Kila Ijumaa kila mtu aliandika sentensi moja bila jina, akaikunja, akatumbukiza koponi. Mimi nikachukua kimoja kimoja, nikasoma kwa sauti, nikasahihisha ubaoni. Kwa kuwa wote waliandika mwandiko wangu, hakuna aliyemjua mwenye kosa, hata mimi mwenyewe. Kezia akarudi darasani.

Kwa miezi miwili tulisoma habari za ng'ombe. Ng'ombe anakula majani. Ng'ombe wa Petro ni mnene. Maharage yameiva. Nilisahihisha ng'ombe mpaka nikawachukia. Kisha Ijumaa moja ya masika, mvua inapiga bati la ghala mpaka inabidi nipaze sauti, nikafungua kikaratasi nikasoma kabla sijafikiri:

"Sipendi kusikia jirani anavyopumua usiku."

Nilisimama na chaki mkononi. Hakukuwa na kosa la kusahihisha. Nilikikunja nikakiweka kando na kuendelea na ng'ombe, lakini ng'ombe waliobaki siku ile walisomwa haraka haraka na hakuna aliyewasikiliza. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na kikaratasi kilichosema, "Hata mimi." Kulikuwa na kingine kilichosema, "Mimi nilidhani ni mimi tu."

Toka hapo kopo likageuka. Sikupanga, na kama ningepanga lisingetokea. Mtu aliandika kwamba hakumlilia mumewe, alipaka mate machoni. Mwingine kwamba anampenda mtoto wa kambo kuliko wa kumzaa. Mwingine alisali kila Jumapili na hakuamini hata neno moja, na hakujua amwambie nani, maana padri ndiye mtu wa kuambiwa mambo ya namna hiyo. Mmoja, naamini alikuwa yule mkimbizi wetu wa mwaka 1972 aliyevuka kutoka Burundi, aliandika, "Nyinyi mnakatazwa kurudi kwenu. Mimi kwetu hakupo." Niliposoma hilo watu wakatazama chini wote, upande huu wa mkeka na upande ule.

Na mimi nilitumbukiza changu. Kwa nini nisitumbukize? Kilikuwa kimenikaa kooni miaka mitano. Nilipomaliza darasa la saba nilitangaza kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari Tabora na baba ndiye aliyenikatalia. Uongo mtupu. Sikuchaguliwa. Watu wakamlaumu baba yangu kwa kumnyima binti elimu, na baba akalibeba lile neno bila kunitaja. Niliandika hivyo, kwa ufupi, nikakikunja, na Ijumaa nikajisomea mwenyewe mbele ya watu kwa sauti ya mwalimu kana kwamba ni cha mwingine. Wiki iliyofuata nikapata jibu: "Na mimi kuna mtu amebeba lawama yangu. Namwona kila siku." Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Sikujua ni nani na sijui mpaka leo, lakini tangu siku ile kila niliyekutana naye bombani nilimtazama kama ndugu, maana angeweza kuwa ndiye.

Wajukuu zangu hapa Kasulu mjini huniambia kwamba siku hizi watu wanayaandika mambo yao kwenye simu bila majina, na watu wasiowajua wanawajibu. Nawasikiliza. Mimi nazikumbuka zile Ijumaa, harufu ya karatasi za kaki zilizokuwa na sukari, penseli zilizokatwa vipande viwili ili zitoshe, watu hamsini na wawili wakiandika huku wamefunika kwa kiganja, na moyo wangu unaniuma kwa kuzitamani.

Mwezi wa tatu mwaka 1975 nikafungua kikaratasi hiki:

"Mwanangu amelala kule juu. Naenda kumfagilia."

Nilikisoma chote kwa pumzi moja, na nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba Felisiani, mwenyekiti, mlinzi wa katazo lenyewe, alikuwa amekaa mstari wa pili. Viongozi nao walikuwa wanajifunza. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Baada ya darasa alinisubiri mlangoni, akaomba kile kikaratasi, akakigeuza geuza.

"Huu ni mwandiko wako," akasema.

"Na wako pia, Mwenyekiti," nikamjibu.

Alikirudisha. Tungeweza kukisia, lakini kukisia nani? Surua ya mwaka 1961 ilipita kila nyumba. Karibu kila mwanamke wa upande wa Kezia wa mikeka alikuwa na mtoto kwenye migomba ya juu. Ijumaa iliyofuata vikaratasi sita vilizungumzia mahame. Mmoja alikwenda kupalilia kahawa ya baba yake ingawa hakuna atakayeivuna. Mmoja aliandika, "Mimi hukaa pale mlango ulipokuwa." Kumbe watu walikuwa wakipanda vilima alfajiri, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja akijificha asionwe na mwenzake, kila mmoja akidhani ndiye mkosaji wa pekee wa kijiji.

Sasa, nje ya banda letu kulikuwa na jambo jingine linakua, na mimi sikulijua. Mwezi mmoja kabla ya kikaratasi kile, Leonidasi alikuwa kule juu alfajiri moja. Akiwa kwenye njia ya Kanyove, kilima cha zamani cha kina Kezia, alimwona mama mkwe wake amepiga magoti kwenye migomba ya nyumba yake ya zamani, anakwaruza udongo kwa mikono. Mkwe mwingine wa kabila jingine angeuliza tu, "Mama, kuna nini?" Leonidasi hakuweza. Alifanya kama alivyolelewa: aliinama, akaingia porini, akageuka asimtazame, na akashuka na ile picha kichwani. Alimwoa Esteri mwaka 1966. Habari za yule kaka mdogo hakuwahi kuambiwa, maana Kezia hakumtaja mtoto yule kwa mtu yeyote tangu alipomfukia, na Esteri alijifunza kunyamaza kutoka kwa mama yake. Ile picha ilimkera. Akamnong'oneza rafiki yake Melkiadi, akitaka tu kuambiwa kwamba si kitu.

Melkiadi alikuwa amesoma misheni zamani, kisomo alikiona ni cha watu wajinga, kwa hiyo hakuwahi kukanyaga banda letu wala kusikia kikaratasi hata kimoja. Alichosikia ni kwamba mjane anakwenda mahame kabla ya jua na anafukua udongo. Watoto wawili walikuwa wamekufa kwa kuharisha mtaa wa chini. Mnajua neno lililofuata. Kufikia mwezi wa tano wanawake walikuwa wakimpisha Kezia bombani si kwa heshima, na vikapu vyake havikununuliwa. Alikaa na vikapu kumi na moja vimepangwa mlangoni, akaendelea kusuka cha kumi na mbili.

Walidai kikao. Walitaka ahamishwe kijijini. Na aende wapi? Kilimani kumekatazwa, na kijiji gani cha Kasulu au Kibondo kingempokea mwanamke anayekuja na jina la mchawi? Angekufa barabarani. Hilo kila mtu alilijua, hata waliodai.

Kikao kilifanyika Jumatatu asubuhi katika banda lile lile la kisomo. Mikeka ilikuwa imeondolewa. Leonidasi alikaa mwisho kabisa, uso kwenye magoti, maana mama mkwe wake alisimamishwa katikati ambapo kila mtu angemwona. Melkiadi alizungumza vizuri, alikuwa na Kiswahili kizuri, nampa haki yake. Akasema ameonekana. Akasema anafukua. Akataja wale watoto wawili.

Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua nne kutoka kwenye kopo, kikaratasi kile kikiwa ndani, na ningeweza kusimama. Lakini niliahidi sitasema ni la nani, na pia ningesema kikaratasi ni chake ningekuwa nimemtoa kwenye uchawi na kumtia kwenye kuvunja katazo, pamoja na wale sita wengine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi mwenye hasira za haraka, siku ile hasira zangu zilikaa kimya kama mimi, na naona haya mpaka ninapoandika hapa.

Felisiani akamwambia Kezia kwamba watu wanataka kujua anafanya nini kule Kanyove.

Kezia akalizungusha swali mdomoni. Akatazama nje. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikutaka aharakishe.

"Mimi nilishasema," akasema. "Nilisema Ijumaa. Mwalimu alisoma, na nyinyi wa kisomo mlisikia."

Melkiadi akauliza Ijumaa gani, alisema nini, wapi. Hakuna aliyemjibu. Alitazama huku na huku, watu hamsini wameinamisha vichwa, na nadhani ndiyo siku alipojua kwamba kuna kitu katika kijiji hiki ambacho yeye na usomi wake hawamo ndani yake. Wanawake wawili walikuwa wanalia bila sauti. Kezia alisimama pale pale. Hakuongeza neno, hakuomba. Siri aliyoitunza miaka kumi na minne alikuwa ameifungua mbele ya watu wote, na sasa alikuwa hana mkeka wala kikaratasi.

Ndipo Leonidasi akainuka. Aligeukia ukuta, akampa mama mkwe wake mgongo kama adabu inavyotaka, na akauambia ukuta wa matofali:

"Aliyemwona ni mimi. Nilimwona anang'oa majani kwenye kaburi, sikujua ni kaburi. Ijumaa niliposikia nikajua, nikanyamaza, kwa sababu wangeniuliza nilikuwa kule natafuta nini." Akaushika ukuta kwa kiganja. "Nilikuwa nimekaa pale mlango wetu ulipokuwa. Na mimi nilishasema."

Felisiani alifunga daftari la kikao ambalo hakuwa ameandika kitu ndani yake. Kisha akasema kikao kimekwisha, watu waende wakalime. Alipofika mlangoni akamgeukia Melkiadi akamwambia aanze kuja kisomo. Melkiadi akasema yeye anajua kusoma.

"Njoo tu," Felisiani akasema.

Nilidhani tumeshinda. Ijumaa iliyofuata nilifika mapema, nikakata karatasi nyingi kuliko kawaida, watu wakaandika, nikatia mkono koponi. Ng'ombe anakula majani. Mahindi yamekauka. Ng'ombe wa Petro ana ndama. Vyote hamsini na viwili. Nilivisahihisha kimoja kimoja huku moyo wangu umenywea, na nikamaliza darasa kabla ya wakati. Waliogopa, nilijiambia. Wameona jinsi siri inavyoweza kumsimamisha mtu katikati ya banda, wamejifungia tena. Nilirudi nyumbani nikamgombeza kila mtu niliyemkuta, hata baba yangu, na alipoinua macho kuniuliza nina nini nikamwambia. Nilimwambia yote, habari ya Tabora na uongo wangu, bila kikaratasi. Alisema anajua. Akasema pia ugali unapoa.

Jumapili, jua limeshatoka, Felisiani alichukua jembe begani akapita katikati ya kijiji, si kwa njia ya nyuma, akaanza kupanda kilima chake. Hakumwita mtu, hakutangaza. Alipita tu kila mlango ukimwona. Baada ya muda mwanamke mmoja akatoka na ufagio. Halafu mwingine. Nilisimama mlangoni kwetu nikaona njia zote za vilimani zina watu, na waliokutana kwenye njia panda waliamkiana kwa sauti, mwakeye, mwakeye, watu ambao mwaka mzima walipishana porini kama wezi. Nilielewa kwa nini kopo lilijaa ng'ombe. Hawakuwa na la kuficha kwa siku hizo chache.

Kezia alipita kwetu akaniambia nikitaka kumwona mwanawe nimfuate. Tulipanda Kanyove polepole, magoti yake ndiyo yalikuwa yanaumwa wakati ule, yangu yalikuwa mazima. Migomba ilikuwa imegeuka msitu, lakini katikati yake palikuwa na mahali padogo peupe, pasafi kama ua wa nyumba yenye watu, na mawe manne pembeni. Pembeni ya njia walikuwa wamefika kabla yetu Leonidasi na Esteri na watoto wao. Leonidasi alipotusikia aligeuka akatazama bonde, akabaki hivyo. Esteri alikuwa amesimama na mikono imekunjwa, hajui afanye nini, maana mama yake hakuwahi kumleta pale.

Kezia alimshika mkono mjukuu wake mkubwa, Mukulata, msichana wa miaka saba, akamsogeza mpaka kwenye mawe. Nilimwona analizungusha neno mdomoni, muda mrefu kuliko siku zote.

"Huyu ni mjomba wako," akasema. "Anaitwa Gerivasi."

Esteri alipiga kelele ndogo kama aliyeungua, akaziba mdomo. Jina hilo hakuwa amelisikia tangu akiwa msichana mdogo. Mukulata alitazama lile kaburi dogo, akamtazama bibi yake, akakumbuka alivyofundishwa shuleni kuwaamkia wakubwa. Akainama kidogo, mtoto wa miaka saba kwa mtoto wa miaka sita, akasema shikamoo mjomba. Leonidasi alikuwa bado ametazama bonde na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Marahaba," Kezia akaitika badala ya mwanawe.